Istilahi tunazo tele, somo lenyewe hatuna

WAHAKIKI wa Kiswahili tumezoea kuhakiki riwaya, tamthilia na diwani za mashairi. Tukijikakamua kidogo tunahakiki hotuba za wanasiasa na matangazo ya biashara. Leo nina maandishi ya aina nyingine mezani: somo la takriban dakika 30 liitwalo vimtutor, ambalo kazi yake ni kumshika mkono mtu asiyejua lolote na kumfunza kutumia kihariri kinachoitwa Vim. Msomaji anayehisi kwamba hilo ni la wanasayansi wa kompyuta wala si la ukurasa huu wa lugha, naomba anistahimili. Somo ni matini. Lina anayesema na anayeambiwa, lina sentensi na mifano yake, na kwa hiyo linahakikika kama matini mengine yoyote.

Kihariri si Word. Hakina habari ya kukoleza herufi wala kupanga picha. Ni programu ya kuandika na kurekebisha matini matupu, na ndiyo jembe la kila siku la wanaounda programu na wanaosimamia mitambo ya intaneti. Vim ilitolewa mwaka wa 1991 na Mholanzi Bram Moolenaar, akiboresha kihariri cha awali, vi, ambacho Bill Joy alikiandika mwaka wa 1976 akiwa Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Ni kihariri chepesi, kinaingia hata kwenye kompyuta kuukuu na hata kwenye simu, na mwenyewe anaweza kukipunguza huku na kukiongeza kule mpaka kimkae sawasawa, kama nguo iliyopitia kwa fundi. Ila kina sifa moja mbaya: wageni huingia wakashindwa kutoka. Mnamo Mei 2017, Stack Overflow, ukumbi mashuhuri wa maswali ya waunda programu, ilitangaza kwamba swali la jinsi ya kutoka ndani ya Vim lilikuwa limetazamwa zaidi ya mara milioni moja. Milioni, bwana! Watu waliokwama mlangoni.

Kwa nini niyalete haya Kabuchai? Kwa sababu yamekwisha kufika. Vijana waliojiunga na mafunzo ya uhandisi wa programu ya ALX miaka ya karibuni walikuta, katika maelezo ya kazi zao za mwanzo, sharti lililotaja vihariri vinavyoruhusiwa: vi, vim, emacs. Basi kijana wa Chwele, Mukuyuni au Luuya, anayesoma kwa laptop ya kuazima na bando la kuhesabu, hana budi. Akishindwa na kihariri hata kazi yenyewe hajaianza.

Likizo ya Desemba nilikaa nyumbani na vijana watatu wa aina hiyo. Niliwaambia wafungue Vim, kila mmoja aandike jina lake. Sikuwaeleza jambo lingine, maana nilitaka kuona. Wafula akaandika jina lake. Kwenye kiwambo likatokea neno fula. Nafula naye akaandika lake, na kwake pia likatokea fula. Wanjala akapata njala.

“Kuka,” Wafula akaniambia, “hii kitu inakula majina.”

Msomaji asiyejua Lubukusu aelewe uhondo uliokuwepo. Efula ni mvua. Wafula ni mvulana aliyezaliwa msimu wa mvua na Nafula ni msichana wa msimu huohuo. Enjala ni njaa, na Wanjala alizaliwa wakati wa njaa. Wa- na Na- ni viambishi vinavyotuonyesha kwamba anayetajwa ni mtu, na kama ni wa kiume au wa kike. Kihariri kilikuwa kimewavua vijana wangu viambishi na kuwaachia mizizi mitupu, utadhani kimehudhuria mihadhara ya mofolojia! Bila shaka hakijahudhuria. Vim inapofunguka huwa haiko tayari kuandikwa. Iko tayari kuamrishwa. W kubwa ni amri ya kuruka hadi neno linalofuata. N kubwa ni amri ya kurudia utafutaji. Na a ndogo ni amri ya kuanza kuandika. Herufi mbili za kwanza za kila jina zikachukuliwa kama amri, zilizobaki zikaandikwa.

Nilipowaeleza hivyo, kwa Kiswahili na hapa na pale kwa Lubukusu, ilichukua kama dakika tano. Kihariri kina hali mbili kubwa. Katika hali ya amri, herufi ni kazi: futa, nakili, ruka, rudi. Katika hali ya kuandika, herufi ni herufi. Kitufe cha Esc hukurudisha kwenye hali ya amri wakati wowote. Na mlango wa kutokea ni huu: Esc, kisha :q! halafu Enter, ukikubali kupoteza ulichoandika. Ukitaka kukihifadhi, :wq. Mtu akishayajua hayo manne, woga umekwisha.

Sasa nirudi kwenye vimtutor. Iliandikwa na Michael Pierce na Robert Ware wa Colorado School of Mines nchini Marekani, kisha Moolenaar akairekebisha ili iafikiane na Vim. Kama kazi ya ufundishaji naipa alama za juu. Haimpi mwanafunzi fasili. Inamwambia weka kidole hapa, bonyeza hiki, tazama kilichotokea. Somo lenyewe ndilo daftari la mazoezi: sentensi mbovu imo mbele yako na unairekebisha hapohapo ulipoisomea. Na unachokichezea ni nakala, kwa hivyo ukiharibu hujaharibu kitu. Unaifungua upya na kuanza tena. Wazee wenzangu waliojifunza kuandika kwenye vibao vya mawe wataukumbuka uhuru wa kufuta na kuanza upya. Namna ya kutoka inafunzwa katika hatua ya pili tu, mapema kabisa, jambo linaloonyesha kwamba waandishi walimjua mgeni wao na walijua anachokiogopa.

Dosari zake hazikosi. Mwanafunzi anaambiwa abonyeze Esc ili ahakikishe yuko katika hali ya kawaida kabla ya kuelezwa hali hizo ni nini na kwa nini ziko zaidi ya moja. Hilo ndilo lililomla Wafula herufi. Dosari ya pili ni nzito zaidi na ni ya kiisimu. Mazoezi kadhaa yanamtaka mwanafunzi agundue kosa katika sentensi ya Kiingereza kisha alirekebishe. Katika baadhi ya mazoezi sentensi sahihi imeandikwa chini yake kama kielelezo. Katika mengine haipo. Zoezi la kwanza la kufuta herufi, kwa mfano, limechota kutoka wimbo wa watoto wa Kiingereza kuhusu ng'ombe aliyeruka juu ya mwezi. Mtoto wa London anaijua sentensi hiyo tangu akiwa kitandani. Mtoto wa Bwake hajawahi kuisikia. Kwake yeye zoezi limekuwa mawili: kwanza gundua Kiingereza kilichoharibika, ndipo ujifunze kufuta. Akikosea la kwanza atadhani ameshindwa na la pili, na atajiambia kwamba kompyuta si yake.

Najua jibu ambalo wengi watanipa. Watasema, aliyeamua kuunda programu lazima ajue Kiingereza, sasa somo la Kiswahili la kazi gani? Hoja hii nimeisikia mara nyingi, na husemwa kwa uhakika mkubwa na watu ambao hawajatazama wenzao wanafanya nini. Waholanzi wanajua Kiingereza kutushinda wengi wetu, lakini vimtutor ya Kiholanzi ipo. Ipo ya Kijerumani, ya Kijapani, ya Kikorea, ya Kikroeshia, ya Kilatvia. Ipo hata ya Kiesperanto, lugha iliyobuniwa na mtu mmoja kule Poland katika karne ya 19. Kwenye orodha hiyo Kiswahili hakimo. Lugha ya mamilioni kwa mamilioni, yenye siku yake ya kimataifa kila tarehe 7 Julai, haina somo la dakika 30 la kihariri ambacho vijana wake wanaamriwa kukitumia.

Wengine watasema vijana wachukue kihariri chepesi zaidi, vipo vingi. Sawa, wachukue. Lakini anayepewa Vim kwa sharti hana uchaguzi huo, na si yeye anayefaa kulaumiwa.

Tulikuwa wapi sisi wa Kiswahili? Tulikuwa tukizozana juu ya majina. Nimekaa katika makongamano ambamo asubuhi nzima ilitumika kuamua kama chombo hiki kiitwe kompyuta, tarakilishi au ngamizi. Mchana tulihamia kwenye kipanya na puku. Kesho yake ilikuwa zamu ya kibodi, kicharazio na baobonye. Sidharau kazi hiyo. Istilahi ni mali, na nimepata kuila asali yake mwenyewe. Ila istilahi bila sentensi ni kama mawe ya jiko yasiyotiwa moto. Mwaka wa 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiliongoza kazi kubwa ya kuitafsiri programu ya ofisi ya OpenOffice na kuitoa kwa Kiswahili kwa jina la Jambo OpenOffice. Ilikuwa hatua ya kupigiwa makofi. Hata hivyo, kilichotafsiriwa katika kazi za namna hiyo huwa ni menyu na vitufe, yaani majina tena. Maelezo ya mtu mmoja akimfundisha mwenzake, sentensi kwa sentensi, kosa kwa kosa, hayatoki kwenye orodha ya istilahi. Lazima mtu aketi ayaandike.

Na angeyaandika nani kama si mwanaisimu? Hebu tuangalie amri za Vim zilivyo. Herufi d ni kufuta. W ni neno. 2 ni idadi. Ukiandika d2w umesema: futa maneno mawili. Weka y mahali pa d na umesema: nakili maneno mawili. Ondoa w uweke alama ya kufunga mabano ya mshazari, }, na umesema: hadi mwisho wa aya. Kila kipashio kina nafasi yake na maana yake. Ukibadilisha kimoja, vingine vinabaki vilevile na maana inageuka. Nani asiyeiona sarufi hapa? Anayesema nitakufutia amepanga ni-, -ta-, -ku-, -fut-, -i- na -a kwa mpangilio usiovunjika, na hafikirii. Akitaka kuhamisha kazi kwa mtu mwingine anabadilisha ni- kuwa a- na kuendelea na safari. Mtoto wa miaka mitano hapa kwetu anayafanya haya katika Lubukusu na Kiswahili kwa pamoja. Kumfundisha Vim kama orodha ya amri 50 za kukariri, kama wafanyavyo wengi, ni kumnyima kitu alichonacho tayari. Nilipowaambia wale vijana kwamba d ni kitenzi na w ni kitu kinachotendwa, Nafula aliniuliza papo hapo: “Kwa hivyo naweza kuweka tatu?” Akaandika d3w, maneno matatu yakatoweka.

Herufi zenyewe nisingezibadilisha. Wapo watakaotaka f iwe futa na n iwe nakili, na kwa kuwa Vim inakubali kurekebishwa, inawezekana. Ni kosa. Kijana huyo kesho ataketi mbele ya mtambo wa mtu mwingine ambao hauna marekebisho yake, na atakuwa bubu. Mafundi wa magari pale Chwele hawakusubiri jina la Kiswahili la kila spana ndipo waikaze nati. Herufi ziachwe kama zilivyo. Kinachohitaji Kiswahili ni maelezo na sentensi za mazoezi.

Kwenye sentensi hizo ndipo utamu ulipo, na ndipo mfasiri wa kulipua atakapoumbuka. Tuseme anamtafsiri yule ng'ombe aliyeruka mwezi. Ameandika neno ng'ombe, na hapo Vim inamkamata shati. Kwa Vim, kama inavyokuja kutoka kwa watengenezaji, ile alama ya juu si sehemu ya neno. Ng'ombe kwake ni vipande vitatu: ng, kisha alama, kisha ombe. Weka kielekezi kwenye n ubonyeze dw, uone. Murang'a inakatwa vitatu vilevile. Jamaa yetu Ng'ang'a anakatwa vitano! Nung'unika, king'ora, ng'oa, ng'ara, yote yanachinjwa. Sisi tunajua kwamba ng' ni sauti moja, nazali ya kaakaa laini, na kwamba alama ile haitenganishi kitu bali inakamilisha konsonanti. Aliyeunda Vim hakuwa na sababu ya kulijua hilo. Kwa Kiingereza alama hiyo husimama pahali pa herufi iliyoachwa au huonyesha umiliki, na kuikata si msiba mkubwa.

Dawa ipo na ni ya mstari mmoja. Vim husoma mapendeleo ya mwenyewe kutoka faili iitwayo .vimrc. Ndani yake andika: set iskeyword+=39. Nambari 39 ndiyo inayoitambulisha alama hiyo ya juu, ile iliyonyooka, katika hesabu za kompyuta, na amri nzima inasema: kuanzia leo, hesabu alama hii kuwa sehemu ya neno. Ng'ombe anarudi kuwa mzima. Kuna njia nyingine, dW kwa herufi kubwa, inayohesabu neno kutoka nafasi hadi nafasi; lakini hiyo huzoa pia koma na nukta zilizogusana na neno. Mimi napendelea ya kwanza, kwa sababu inamfunza mwanafunzi mapema kwamba kihariri hiki kinakubali kufundishwa lugha yake. Hakuna tafsiri ya Kijerumani itakayomweleza mtu hivyo. Hili ni la kuandikwa na anayeandika ng'ombe kila siku.

Nimalizie na Uganda. Vim inapofunguka bila faili, kiwambo chake huonyesha maneno machache katikati: jina, toleo, mwandishi, na ombi la kuwasaidia watoto maskini nchini Uganda. Si mzaha. Mwaka wa 1994 Moolenaar alifanya kazi ya kujitolea Kibaale, kusini mwa Uganda, katika shughuli za maji na usafi, mahali ambapo UKIMWI ulikuwa umeacha mayatima wengi. Aliporudi kwao alianzisha shirika, ICCF Holland, la kukichangia kituo cha watoto cha Kibaale. Vim aliitoa bure. Aliyependezwa nayo aliombwa awachangie watoto hao. Aliendelea hivyo mpaka alipofariki Agosti 2023. Namheshimu kwa hilo, na ni wachache wa fani yake waliofanya nusu yake.

Lakini mhakiki hulipima neno, na hapa ombi lina nafsi mbili: anayesoma, na anayesomewa habari zake. Mtoto wa Afrika Mashariki yuko katika nafsi ya pili hiyo. Ametajwa mlangoni mwa kihariri kwa zaidi ya miaka 20 kama anayesaidiwa, wala hakuna ukurasa wa mafunzo uliomtarajia kuwa ndiye aliyekaa kwenye kiti akibonyeza vitufe. Wafula aliyasoma maneno hayo akacheka, akasema Uganda ni hapa tu. Kweli, Lwakhakha si mbali na Chwele, na ng'ambo ya mpaka wako ndugu zetu Wamasaba. Baraza la mawaziri la Uganda lilipitisha Julai 2022 kwamba Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe shuleni. Maana yake somo moja la Kiswahili lingemfaa wa huku na wa kule, na Moolenaar hangekuwa na la kulipinga; faili za tafsiri hupokelewa kutoka kwa yeyote aliyezitayarisha vizuri.

Nimeanza kuliandika. Hali za kihariri nimezitanguliza, kutoka ndani ya Vim kumefuata, na ile .vimrc nimeiweka katika somo la tatu badala ya kuisukuma mwisho. Vijana wananipinga kuhusu kielekezi, wao wanataka kasa, nasi hatujaafikiana. Kila sentensi mbovu nimeiwekea iliyo sahihi chini yake. Zoezi la kwanza la dw linasema: Ng'ombe sukari wa mzee kalamu wamerudi nyumbani. Maneno mawili hayana kazi humo, yafute. La pili ni fupi: Chifu ng'ombe amefika. Kielekezi kikiwa juu ya herufi n, bonyeza dw. Ikibaki 'ombe, rudi somo la tatu.